Kadi Yenye Saini Nane

Tangu mama yao afariki, popote mdogo wake Kitinda alipoitwa, Dada ndiye aliyeitika. Shule ilipoita wazazi alikwenda yeye, binti wa miaka kumi na tisa mwenye viatu vya kuazima, akajibana kwenye dawati la watoto kusikiliza jinsi mdogo wake alivyo mtundu na alivyo na akili. Zahanati ilipotaka mgonjwa apange foleni, alipanga yeye mpaka mgonjwa akaletwa. Kitinda alipokwenda kuposa akachelewa saa tatu nzima, Dada ndiye aliyekaa sebuleni kwa watu akitabasamu hadi mashavu yakamuuma, na ndoa ilipovunjika ni yeye aliyekwenda kulichukua godoro. Siku ya kupigwa picha ya kitambulisho, kama ingewezekana mtu kukaa mbele ya kamera kwa niaba ya mwenzake, angekaa.

Jina lenyewe la Kitinda lilitokana na kuwa kitinda mimba. Alikuwa sasa na miaka thelathini na minne na ndevu zenye mvi mbili tatu, lakini nyumbani jina lilikuwa lilelile. Waliishi wawili, yeye na Dada, ambaye alikuwa fundi wa kushona sare za shule na mapazia, na cherehani yake ilikaa barazani. Mume wa Dada alikwishaondoka zamani. Alisema katika nyumba ile hapakuwa na nafasi ya mwanamume wa pili, na kusema kweli hakukosea sana.

Kwa hiyo barua ya kiwanda cha uchapaji ilipoletwa, Dada ndiye aliyeifungua, maana ilikuwa na jina la Kitinda.

Kazi ya Kitinda kiwandani ilikuwa kukata karatasi. Mashine yake ilikuwa na kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, na kisu hicho hakikushuka mpaka vitufe viwili vibonyezwe kwa wakati mmoja, kimoja kwa mkono wa kulia na kingine kwa wa kushoto, navyo viliwekwa mbali ili mikono yote miwili isiwe chini ya kisu. Yeyote aliyeibuni mashine ile alikuwa na huruma na vidole vya watu. Kitinda alichomeka njiti ya kiberiti kwenye kitufe cha kushoto kikabaki kimebonyea, akawa anakata kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika chupa ya soda ambayo ndani yake hamkuwa na soda. Siku moja kisu kilishuka wakati mwenzake anasawazisha karatasi. Kikaondoka na ncha ya mkono wa shati na kifungo chake, nusu kidole tu kutoka kwenye nyama.

Msimamizi hakumfukuza. Aliandika kwamba Kitinda apumzike wiki tano, na siku ya kurudi aje na kadi aliyoiambatanisha, ikiwa na saini nane za kikundi cha watu wanaoacha pombe. Kila kikao saini moja. Bila saini nane asijisumbue kuvuka geti. Na kila mtu alijua kwamba viwanda vingine viwili vya mji ule vilikwishamtoa, cha tatu kilikuwa hiki.

Dada aliisoma barua mara mbili. Kazi ilimuumiza, ndiyo, lakini kilichomtisha kilikuwa vidole vya Kitinda. Alikuwa amevikata kucha kwa mkono wake mpaka mtoto alipotimiza miaka tisa.

"Nitaenda," alisema Kitinda, akila kiapo kwa kaburi la mama. "Dada, safari hii nitaenda kweli."

Kwenye kadi hapakuwa na anwani, ila namba ya simu tu. Dada akapiga. Iliyopokea ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, na nyuma yake mashine ya kunyolea inanguruma.

"Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni," ile sauti ilisema. "Kuna ngazi kando ya duka la miwani. Panda mpaka ghorofa ya pili. Usimwulize mlinzi. Mlinzi akijua, mtaa mzima umejua."

Jumanne walikubaliana wakutane pale dukani, maana Dada alikuwa na mapazia ya kupeleka kwa mteja. Saa kumi na nusu alikwishafika. Ili asionekane amesimama tu kama mtu aliyepotea, aliingia akajifanya anachagua miwani. Alijaribu ya duara, akajaribu ya pembe, akajaribu nyeusi ya jua, na kila mara alitazama barabarani kupitia vioo ambavyo havikumfaa, akaona watu wenye ukungu wanapita na hakuna aliyekuwa Kitinda. Muuza duka alimsifu kwa kila jozi. Saa kumi na moja na dakika tano Dada akarudisha miwani ya saba akatoka, akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kawaida yake. Aliwaza, ngoja nipande niwaambie yuko njiani, wasimfungie mlango.

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Chumba kilikuwa darasa la shule ya udereva, ukutani kumejaa alama za barabarani, na juu ya meza kuna gari la plastiki lililokatwa ubavu ili wanafunzi waone injini. Viti kumi na viwili vilipangwa duara. Aliyekuwa anaongoza alikuwa jitu la mtu, na vipande vya nywele za wateja bado vimemganda kwenye mikono ya shati, Dada akamjua kuwa ni yule wa kwenye simu hata kabla hajasema. Huyu ndiye Kinyozi. Alikuwa amekaa chini kabisa ya alama nyekundu ya kusimama.

"Samahani," alisema Dada mlangoni. "Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu."

Watu wakamtazama kwa upole wa ajabu.

"Karibu sana," alisema Kinyozi. "Sote hapa siku ya kwanza tulikuja kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi nilikuja kwa ajili ya mke wangu. Mzee yule alikuja kwa ajili ya bosi wake. Kaa."

"Hapana, kaka, hujanielewa. Mimi sinywi."

Chumba kizima kikacheka. Hakikuwa kicheko cha kumdhihaki, kilikuwa cha watu wanaompokea mwenzao aliyechelewa. "Hata mimi nilikuwa sinywi," alisema mwanamke aliyevaa sare nyeupe ya uuguzi, amekaa kando ya dirisha. "Nilikuwa sinywi, na glasi ninayo mkononi."

"Haki ya Mungu, sijawahi kuonja!"

"Kaa, mama," alisema Kinyozi, akamsogezea kiti. "Hapa hatuulizi jina wala ukoo. Kunywa chai. Hii ndiyo chupa pekee inayoruhusiwa humu ndani."

Na kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumwonea huruma, maana kila mmoja alikwishayasema maneno yaleyale, kwa kiapo kilekile. Mwishowe Dada akachoka akakaa. Alipewa kikombe, akapewa biskuti mbili. Kikao kilipoisha Kinyozi akaiona kadi iliyochomoza kwenye mkoba wake, akaichukua kwa upole wa mtu anayemsaidia mwenye aibu, akaisaini na kuigonga muhuri. Kadi haikuwa na jina, ndiyo ilikuwa sheria yao. Dada aliitazama ile saini ya kwanza, akairudisha kadi mkobani.

Nyumbani alimkuta Kitinda kwenye kochi, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna.

"Nilipitiwa na usingizi, Dada. Nilikaa kidogo tu nivae viatu."

Alipoiona saini alinyanyuka. Akamshika mikono, akaibusu, machozi yakamlengalenga. "Umeniokoa. Moja tayari! Zimebaki saba tu. Alhamisi naenda mwenyewe, wewe kaa ushone."

Alhamisi alikuwa anatapika. Jumanne iliyofuata hakuonekana tangu asubuhi. Dada alijiambia kwamba saini ya pili, na hii ya tatu, ni za kumtia moyo tu, asije akaona safari ni ndefu akakata tamaa. Mtu anaweza kujidanganya kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Ikafika mahali Kitinda akawa ndiye anayemkumbusha.

"Dada, leo si Alhamisi? Huendi kikaoni?"

Na alikwenda. Akirudi, Kitinda humwuliza wamesema nini, naye humsimulia wakila chakula cha jioni, akitumaini kwamba maneno yakipitia kwake yatamfikia mdogo wake kama maziwa yanavyomfikia mtoto. Alimweleza habari za yule mzee aliyeuza vitanda vya watoto wake. Alimweleza habari za Kinyozi, aliyemkata mteja sikio miaka kumi na moja iliyopita, na tangu siku hiyo hajagusa. Kitinda alisikiliza kwa makini, glasi mkononi, akinywa taratibu na kutikisa kichwa.

"Maskini," alisema. "Watu wanateseka."

Kikao cha nne ilikuwa zamu ya Dada kuzungumza, na hakukuwa na pa kujificha. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa maisha ya Kitinda yakisema "mimi". Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita, alisema. Nilificha chupa kwenye tangi la choo. Niliuza cherehani ya kwanza ya dada yangu, akashona kwa mkono miezi minne, na hakunifokea. Ni kweli hakumfokea, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Akalia mbele ya watu asiowajua majina. Yule Muuguzi akaja akamkumbatia, akanukia dawa za hospitali na sabuni.

Tangu siku hiyo Muuguzi akamganda. Alikuwa kijana bado, siku zake bila pombe zilikuwa kumi na saba, na alimhesabu Dada kuwa mfano wake. "Wewe uko mkavu kabisa, hata tone hugusi, Dada Fundi," alimwambia. "Macho meupe, mikono haitetemeki. Nikikuona napata nguvu." Dada alitazama sakafu. Bila shaka mikono yake haikutetemeka.

Jumapili moja mchana simu ikalia.

"Ipo mezani," alisema Muuguzi, sauti imemnywea. "Sijaifungua. Wewe kiu ikikushika unafanyaje?"

Dada alikuwa na sindano mdomoni na sare ya mtoto magotini. Aliitoa sindano. Angeweza kusema ukweli pale pale, lakini kuna mtu upande wa pili anahema.

"Nashona," alisema. "Nashona mpaka ipite."

"Mimi sijui kushona."

"Basi piga pasi. Piga pasi kila nguo iliyomo ndani ya nyumba."

Baada ya saa mbili Muuguzi alipiga tena, analia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amepiga pasi mashuka, soksi, hata vitambaa vya vyombo. Chupa ameimwaga. "Imepita, Dada Fundi! Kama ulivyosema!" Dada alikata simu akakaa ameshika tama. Alijiona mwizi, na hata alichokiiba hakukijua vizuri.

Saini ya nane ilipatikana Alhamisi ya wiki ya nne. Kikundi kilimpigia makofi. Kinyozi alimpa mkono akamwambia, "Umefika mbali kuliko unavyodhani." Wiki iliyobaki Kitinda aliitumia kujiandaa, yaani alinyoa, akafua shati la kazini, akapunguza kinywaji cha mchana. Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni msafi kama bwana harusi, kadi mfukoni, anatafuna peremende. Dada alimnyoosha kola. Chini ya harufu ya peremende alisikia ile harufu nyingine, ambayo angeitambua hata akiwa amelala.

"Dada, vipi?"

"Hakuna kitu," alisema. "Nenda, usichelewe."

Akaondoka. Dada akakaa kwenye cherehani. Alijaribu kutunga uzi mara tatu ukamkatalia. Alipoweka mguu kwenye pedali akaona sindano inashuka na kupanda, na kila iliposhuka alikuwa akikiona kisu. Alijaribu kujikaza kisabuni. Alijiambia ni mtu mzima, alijiambia leo atakuwa mwangalifu kwa kuwa ni siku ya kwanza, akajiambia mengi mengine, na saa nne kasoro akaiacha sare ya watu juu ya mashine akatoka na kandambili miguuni.

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimpokea kwa furaha, akampeleka kwenye dirisha la ofisi lililotazama mashine. "Wewe ndiye dada yake! Njoo umwone. Ile kadi nimeibandika ukutani, iwe funzo kwa wengine. Kile kikundi kimefanya kazi."

Kule chini Kitinda alikuwa amesimama mbele ya rundo la karatasi. Mkono wa kulia ulibonyeza. Mkono wa kushoto ulikuwa unajikuna shingo. Kisu kikashuka.

"Ile kadi ni yangu," alisema Dada.

"Unasemaje?"

"Saini zote nane ni zangu mimi. Yeye hajakwenda hata siku moja. Zima ile mashine, baba, nakuomba, zima."

Msimamizi alimtazama, akatazama dirishani, akauona ule mkono wa kushoto. Alikimbia kuliko mtu wa umri wake anavyopaswa kukimbia. Dada aliyaona mengine kupitia kioo bila sauti, swichi kuu ikivutwa, njiti ya kiberiti ikichomolewa na kuinuliwa juu wote waione, Kitinda akigeuka na kumwona yeye pale dirishani.

Alimsubiri getini. Kitinda alitoka na begi lake, na kwenye mkono ameshika kadi mpya, tupu. Msimamizi alikuwa amemwambia aende akaanze moja, na safari hii yeye mwenyewe atampigia Kinyozi simu kuuliza huyo anayekuja ana ndevu au hana. Vidole vyake kumi vilikuwepo. Dada alivihesabu kwa macho kabla hajamtazama usoni.

"Nani alikutuma?" Kitinda alimwuliza. Hakupaza sauti. "Maisha yangu yote, Dada. Nani alikutuma?"

Akapita zake. Dada akabaki pale anatafuta jibu, na jibu lililokuwepo lilikuwa kwamba hakuna aliyemtuma, maana mama yao alikufa ghafla na hakuacha neno.

Kesho yake, Jumanne, alipanda zile ngazi ishirini na mbili bila kadi. Alisimama badala ya kukaa. "Mimi sinywi," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa jinsi alivyolisema. Akawaeleza yote, kuanzia miwani. Yule mzee aliyeuza vitanda aliguna. Kinyozi alifumba macho.

"Tulikucheka," alisema. "Ulituambia ukweli siku ya kwanza, sisi tukakucheka. Hilo ni letu."

Lakini Muuguzi alikuwa amegeuza uso dirishani. "Kwa hiyo ile pasi uliitunga?"

"Niliitunga."

"Hata siku moja hukuwahi kuhisi kiu ile?"

"Hata siku moja, mdogo wangu. Nisamehe."

"Napiga pasi kila siku, wiki ya tatu sasa." Alizungumza taratibu kama mtu anayepima dozi. "Sasa ikinishika nitampigia nani?"

Muuguzi akachukua mkoba wake akatoka kabla ya chai, na kiti chake kikabaki pale dirishani. Hakuna aliyemfuata. Dada alitaka kumfuata, hata akanyanyuka, Kinyozi akatikisa kichwa.

Siku sita Kitinda hakusema naye. Alilala chumbani, akatoka kwenda kunywa, akarudi, akalala. Siku ya saba, Jumatatu, Dada alimkuta jikoni anajaribu kumimina maji kwenye kikombe, na maji yanamwagika mezani kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Zamani angemnyang'anya birika akamnywesha. Alisimama mlangoni akamtazama akimwaga.

"Kesho twende," alisema Kitinda bila kugeuka. "Lakini twende wote. Peke yangu siwezi."

Dada akaenda barazani akampigia Kinyozi.

"Aje," alisema Kinyozi. "Na wewe njoo ukitaka. Ila utakaa kwenye duara kama wengine na hutasema neno. Hata moja. Ukimsemea nitakutoa nje mimi mwenyewe, na mimi ni mtu mkubwa."

Walipanda pamoja. Kwenye ngazi ya kumi na tano Kitinda alisimama kupumua na Dada akasimama naye. Muuguzi hakuwepo, kiti chake kilikuwa wazi kwa kikao cha pili sasa, na kila mtu alijitia hamnazo. Kitinda alikaa chini ya picha ya njia panda, Dada kando yake. Kitinda alikuwa amevaa lile shati la kazini. Jasho lilimtiririka ingawa dirisha lilikuwa wazi, na kadi tupu aliishika kwa mikono miwili juu ya magoti.

"Karibu, kaka," alisema Kinyozi. "Hapa hatuulizi jina. Sema unachoweza kusema. Neno moja linatosha."

Kitinda akafungua mdomo. Akaufunga. Halafu, kama alivyofanya shuleni alipoulizwa nani amevunja kioo, kama alivyofanya mbele ya wakwe na mbele ya daktari na mbele ya kila meza iliyowahi kumtaka jibu, alimgeukia dada yake.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Anza wewe. Wewe unaijua vizuri."

Na kweli aliijua. Aliijua yote, kwa mpangilio, na alikwishaisimulia humu ndani watu wakalia. Ilikuwa tayari kwenye ulimi. Angesema sentensi mbili tu, za kumfungulia njia, naye angeendelea. Alimtazama Kinyozi, lakini Kinyozi hakumtazama, alikuwa anamtazama Kitinda. Dada akaingiza mikono chini ya mapaja akaikalia.

"Dada. Tafadhali."

Akauma midomo. Mzee wa vitanda alikohoa. Barabarani gari lilipiga honi, likapiga tena, likaondoka. Kitinda alimwangalia kwa mshangao, na polepole ule mshangao ukawa kitu kingine, ukawa uso wa mtoto wa miaka saba siku ya mazishi, alipokuwa anatazama watu wazima mmoja mmoja kuona nani atamnyanyua.

Akasimama. Akaiweka kadi juu ya kiti alichokuwa amekalia, akaitazama kama aliyesahau ni ya nini, akatoka. Wakasikia viatu vyake kwenye ngazi. Dada alizihesabu mpaka ishirini na mbili, kisha mlango wa chini ukajibamiza.

Hakuna aliyemzuia Dada asimfuate. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na Kinyozi hakuinua hata kidole. Kumfikia barabarani kungemchukua nusu dakika. Dada aliendelea kuikalia mikono yake mpaka ikafa ganzi, na machozi yakamdondokea kifuani kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kuyafuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama yao azikwe kumwona mdogo wake anamwomba msaada na yeye asinyanyuke. Hakujua kama amemsaidia au amemuua, na kati ya wote waliokaa kwenye viti vile hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kumwambia.